Ndege wadogo wa Dar wamepotelea wapi? Mimi nasema ni kunguru, nikosoeni

#1 Mwalimu wa Zamu
Habari za jumapili wakuu. Kuna jambo linaniuma muda mrefu naomba tulijadili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Temeke, nimezaliwa huku huku, na nilipokuwa mdogo minazi ya jirani yetu ilikuwa imejaa viota vya mnana, wale ndege wadogo wa manjano, zile kelele zao asubuhi ndo zilikuwa saa yetu ya kuamkia shule. Shorewanda walikuwa wanatuwahi kwenye mapapai, chozi anaingia mpaka kwenye maua ya kibarazani, tetere wapo, pugi wapo, dudumizi akilia bibi anasema haya anueni nguo, mvua inakuja.

Wiki iliyopita nikawatoa watoto wa darasa la nne nje na daftari, dakika 40, kazi yao waandike kila ndege wanayemuona. Tumerudi na kunguru, kunguru, kunguru, njiwa wa kufugwa wa jirani na shomoro wawili. Nikauliza nani ameshawahi kumuona mnana? Mikono mitatu, darasa la watoto sitini na kitu. Kati ya hao watatu mmoja akanielezea vizuri kabisa kumbe anamsema kanga.

Mimi nasema ni kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu. Nimemuona kwa macho yangu akichomoa makinda ya mnana kwenye kiota moja baada ya jingine na wazazi wanapiga kelele pembeni hawana la kufanya. Sasa nataka kujua nyie wenzangu mnaona nini huko mliko, na hawa watoto tuwafundishe nini.

#2 Fundi Bomba
Umenikumbusha mbali mwalimu. Mbagala ya zamani ilikuwa pori kabisa, kware tulikuwa tunawasikia. Sasa hivi asubuhi ni kraa kraa juu ya simtanki, kila nikiitwa kusafisha tanki nakuta mifupa ya kuku na kinyesi cha kunguru kwenye mfuniko.

#3 Mti Mkavu
Mwalimu nakuheshimu ila unamuonea kunguru. Hiyo minazi ya jirani yenu ipo? Najua jibu, imekatwa, pamejengwa fremu. Sisi tumekata kila kitu, mtu akinunua kiwanja kitu cha kwanza anaita kijana wa kukata miti, cha pili ukuta, cha tatu anamwaga pavingi mpaka mlangoni hata nyasi moja haioti halafu anashangaa ndege wameenda wapi, mnana anasuka kiota kwa majani ya mnazi na matete, pugi anaokota mbegu za nyasi chini, chozi anataka maua, wewe umempa saruji. Kunguru amebaki kwa sababu yeye haitaji mti maalum wala mbegu, anahitaji taka zetu basi. Ndege walianza kuondoka, kunguru akajaza nafasi.

#4 Bi Chuma wa Mkunazini
Hao kunguru wenu wametokea kwetu Unguja, na hawakuja kwa khiari yao. Waliletwa kutoka India miaka ya 1890 wakati wa Waingereza, wakiambiwa watasafisha mji maana taka zilikuwa nyingi. Baba yangu akisema walioletwa ni wachache tu, wa kuhesabika. Taka hazikwisha, wao ndio wakazaana. Skuli niliyosoma mimi kulikuwa na mti mkubwa wa mkungu uani, jioni walikuwa wakilala humo hata mwalimu hasikiki.

#5 Nahodha Mstaafu
#4 dada yangu, si lazima kila kitu kiletwe na serikali. Mimi nimefanya kazi melini miaka mingi, hawa ndege wanapanda meli wenyewe bandarini, wanakula jikoni kwa mpishi, meli ikitia nanga bandari nyingine wanashuka. Nimeona Karachi, nimeona Aden, nimeona Port Sudan. Hakuna aliyewakatia tiketi.

#6 Darubini
Mko sahihi wote wawili. Unguja waliletwa makusudi, hilo limeandikwa. Lakini ya meli nayo ni kweli, ndivyo walivyofika mpaka Uholanzi, kwenye bandari ya Hoek van Holland, miaka ya 1990, nchi ya baridi ile na wakazaana. Ukitazama ramani yao utaona wanafuata bandari na watu. Porini kusiko na mtu humkuti.

Mwalimu, na hao shomoro wawili wa kwenye orodha yako kama ni wale wa kwenye paa, dume ana kidevu cheusi na utosi wa kijivu, nao ni wageni vilevile wametokea upande wa India. Kwa hiyo darasa lako dakika 40 halikuona ndege mwenyeji hata mmoja. Si kwa kukukatisha tamaa, nakwambia ili uandike vizuri kwenye daftari.

#7 Mwalimu wa Zamu
#6 duh. Hilo la shomoro sikulijua, asante, kesho nalirekebisha ubaoni.

#8 Kijana wa Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Sisi hawa twawaita kurabu. Huku walionekana mara ya kwanza 1947, leo pwani nzima ni wao. Wala mayai, wala vifaranga vya kuku, mamangu alifuga kuku wa kienyeji akaacha, kila kifaranga kitokacho nje chanyakuliwa. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza mpango wa kuangamiza kurabu milioni moja kwa sumu iitwayo Starlicide, wakishirikiana na wenye mahoteli kwa sababu watalii walikuwa wakinyang'anywa chakula mezani. Watamu na Malindi kazi hiyo ilianza zamani, wana matundu makubwa ya waya, ndani wamtia kurabu mmoja hai na chakula na maji, wenziwe wakimuona wajitosa kwa juu, kutoka hawawezi.

Ila niwaambie ukweli ndugu zangu, ukiua leo na jaa la taka liko wazi, mwaka kesho wako pale pale.

#9 Mama Wawili
Jamani sumu?? Na watoto wetu wanacheza nje?

#10 Darubini
#9 wasiwasi wako ni wa haki. Hiyo dawa huwekwa kwenye nyama na wataalamu, mahali kunguru wamezoeshwa kula kwanza, na inamuua taratibu, anaenda kufia kwenye mti anakolala. Inavunjwa mwilini mwake ndo maana paka au mwewe akila mzoga hatari inakuwa ndogo. Lakini si ya kupewa mtu mtaani. Na hapa naomba kila mtu asome vizuri: kuna kunguru MWENYEJI, mkubwa kidogo, mweusi tii ana kifua na kola nyeupe pepepe. Huyo ni wetu, hana kosa. Nimeshaona watu wanafurahia picha za "kunguru waliouawa" na nusu yao ni wenye kifua cheupe. Mwalimu, somo lako la kwanza liwe hilo, mtoto ajue kutofautisha kola nyeupe na shingo ya kijivu.

#11 Mchuuzi
Mie sioni ubaya wa kunguru. Sokoni asubuhi matumbo ya samaki, utumbo wa kuku, gari la taka linakuja siku likitaka. Asipokuja yeye tunaoza. Hao mnana watakula utumbo?

#12 Fundi Bomba
#11 anakula hapo sokoni halafu anakuja kunywa kwenye tanki la mtu Mtoni Kijichi. Uchafu haujaondoka umehama.

#13 Mti Mkavu
#12 na #11 mmenisaidia mimi. Tatizo ni TAKA, nimesema toka #3.

#14 Mwalimu wa Zamu
#13 ulisema miti.

#15 Mti Mkavu
Miti NA taka. Soma tena mwalimu.

#16 Zumbe
Hakuna aliyetaja manati? Sisi Tanga tulikuwa kila mtoto wa kiume ana manati shingoni, mpira wa tyubu ya baiskeli, kokoto zimejaa mfukoni, tunatoka asubuhi likizo nzima. Nilikuwa na shabaha. Siku moja nilimuangusha chozi, unamjua alivyo, mdogo kama kidole gumba, anametameta kijani na zambarau, nilipomuokota mkononi alikuwa bado wa moto na rangi ile ikawa inafifia kadiri ninavyomgeuza. Hata nyama hana. Nilimzika, nikaendelea kupiga wengine wiki iliyofuata kwa sababu hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeniambia kitu. Baba aliniambia tu nisipige kioo cha jirani. Kwa hiyo mwalimu ukiuliza watoto wafundishwe nini, jibu langu ni hilo, waambiwe. Sisi hatukuambiwa.

#17 Kijana wa Kisauni
#16 hiyo sisi twaiita panda. Maneno yako yamenigusa.

#18 Kapteni Ulimbo
Jina langu lisiwatishe nililipata utotoni. Manati inaua mmoja mmoja, ulimbo wa fenesi, ule utomvu wa kunatisha unaopakwa kwenye matawi, unashika kundi zima. Na ulimbo nao ni mchezo wa watoto ukilinganisha na biashara, miaka ile ndege hai walikuwa wanasafirishwa nje kwa makasha, cherehani na kasuku na wale wadogo wa rangi rangi, wengi wanakufa njiani. Ulaya walifunga mlango moja kwa moja 2007, serikali yetu ikazuia kusafirisha wanyamapori hai 2016. Nimeona mikono yangu ilifanya nini kabla ya hapo, naandika hivi nikiwa na majuto. Sheria ya wanyamapori ya 2009 ipo, kumkamata ndege pori bila kibali ni kosa, ila nenda barabarani uone vijana wamesimama na vitundu.

#19 Darubini
#18 cherehani ni ya kushonea nguo mkuu 😀 nadhani unamaanisha wale kasuku wadogo wa kijani na uso wa machungwa, wa kule Serengeti. Mengine yote nakuunga mkono.

#20 Mkulima Mbarali
Wa bara tuna kilio chetu tofauti. Kwelea kwelea wakishuka kwenye mpunga, ekari zinaisha mbele ya macho yako, hapo usiniambie habari ya kulinda ndege. Ndege ya serikali inakuja jioni kunyunyiza dawa kwenye malalo yao, asubuhi kweli kwelea wamekufa, lakini nimeokota na bundi, na mwewe, na yangeyange waliokula wale wenye sumu. Nashukuru mpunga wangu umepona ila moyo ulikuwa mzito. Kondoa wao wanawategea kwa nyavu na kuwala, kwelea mtamu akikaangwa, mimi naona ile ni akili kuliko sumu. Nani atakuja kutufundisha kutega huku?

#21 Mama Wawili
#20 hapo kwenye kuwala lazima kuwe na mtu wa kuangalia. Wakishanyunyizia dawa watu bado wanaokota na kupika.

#22 Nyanza Mpole
#21 huku Magharibi ya Kenya jambo hilo limetuletea aibu kubwa. Bunyala kwenye mashamba ya mpunga watu walikuwa wanatega ndege kwa Furadan, ile dawa ya wadudu, chembechembe za zambarau, wanaziweka ndani ya konokono, korongo domo-wazi anakuja kula anaanguka. Wanatumia hata korongo hai aliyefungwa ili awavute wenzake. Halafu nyama inauzwa sokoni kwa mtu asiyejua. Dawa iliondolewa madukani 2009 baada ya kelele za simba waliouawa nayo. Ndege walikuwa wamekufa kabla ya simba, hakuna aliyepiga kelele.

#23 Bwana Mtandao
Wote hamjasema jibu halisi. Ni minara ya simu. Mawimbi yanawachanganya ndege kichwa wanapotea njia. Toka minara ije ndege wameisha.

#24 Fundi Bomba
#23 mnara wa hapa kwetu una viota vya kunguru vinne na mwewe anakaa juu kabisa kila jioni. Kawaambie wao.

#25 Darubini
#23 kwa heshima, tofautisha vitu viwili. Mnara mrefu wenye taa na nyaya unaweza kuua ndege wanaosafiri usiku kwa kuugonga, hilo linajulikana duniani. Nyaya za umeme nazo zinaua tai na korongo. Lakini mnana wa Temeke hajahama sababu ya simu yako. Kama ni kutafuta mshitakiwa ambaye hajatajwa basi ni paka, paka wa mitaani ni wengi na pugi anataga chini chini.

#26 Bi Chuma wa Mkunazini
Paka wa Mji Mkongwe mwacheni kabisa.

#27 Karisa wa Gede
Nimesoma kurasa zote. Mwalimu aliuliza maswali mawili, la pili, watoto tuwafundishe nini, mumelisahau. Wacha nijibu la pili.

Mimi nimekulia kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Zamani kwetu msitu ulikuwa wa serikali, sisi ni wezi wa kuni. Mtoto akifukuzwa shule kwa karo mzee anaingia msituni kukata mbao, ni hesabu rahisi. Kisha wakaja A Rocha, shirika la kuhifadhi mazingira, na mpango wa karo, ASSETS, ulianza 2001. Watalii walipa kutembea kwenye daraja la kamba la Mida Creek kutazama ndege, pesa ile yasomesha watoto wa sekondari wa vijiji vinavyopakana na msitu, na mzazi naye ahudhurie mafunzo ya mazingira na apande miti. Jirani yangu alikuwa fundi wa mbao. Alipoona mtoto wake asomeshwa na ndege, neno lake si langu, aliuweka chini msumeno. Mafunzo bila ya kitu mkononi yangemwingia kweli?

Na jambo jengine. Kuna mnana mmoja apatikana Kilifi pekee duniani, manjano na mgongo mweusi, waitwa kwa Kizungu Clarke's Weaver. Miaka na miaka wataalamu hawakujua anajenga kiota wapi. Mwaka 2013 waliokuja kupata viota ni wanakikundi wa msitu wa Dakatcha, wenyeji waliofundishwa tu kutazama, pamoja na shirika la Nature Kenya, huko kwenye bwawa lenye nyasi. Hata mwindaji wa zamani ni mwalimu tosha, ajua mahali pa kila kiota. Huyo Kapteni Ulimbo wa #18 mpeni watoto.

#28 Kapteni Ulimbo
#27 umeniliza kaka. Mwalimu mimi nipo Chamazi, nitafute faragha.

#29 Mpemba Asili
Na mimi niongeze la kwetu. Kidike kuna popo wakubwa wa Pemba, hawapatikani pengine. Walikuwa wakiliwa mpaka miaka ya 1990 mwanzoni wakakaribia kwisha. Vijiji vikaunda vilabu, watoto wakafundishwa skuli, wageni wakaanza kulipa kiingilio, leo ni maelfu wananing'inia juu ya miti mchana kweupe.

#30 Mchuuzi
#29 popo si ndege.

#31 Mpemba Asili
#30 najua popo si ndege, ananyonyesha. Nazungumzia mafunzo. Ukitaka ndege tuna ninga wetu, chozi wetu na bundi wetu mdogo ambao duniani kote wako Pemba tu. Na huyo bundi usiku akilia watu walikuwa wanasoma dua na kumrushia mawe.

#32 Zumbe
Bundi ndio usiseme. Huku akitua kwenye bati lazima afe yeye maana wanasema asipokufa yeye atakufa mtu. Ile sauti ya kukoroma darini inayotisha watu ni makinda yanalilia chakula, na chakula chenyewe ni panya. Familia moja ya bundi inakula panya wengi kuliko paka wenu wote.

#33 Mama Wawili
#32 bundi alilia kwetu siku mbili kabla ya msiba wa shangazi. Mimi simuui lakini usinilazimishe nimpende.

#34 Zumbe
#33 pole sana dada. Kutomuua inatosha kabisa.

#35 Mwalimu wa Zamu
Nimechelewa kurudi, mitihani. Nimesoma yote, nashukuru, sijui sasa mshitakiwa ni nani, mmenijazia kunguru, saruji, taka, manati, sumu, biashara na paka. Bado mimi nabaki na kunguru wangu kwa Temeke, ila sitomfundisha mtoto kuwa ni yeye peke yake.

Nimefanya haya. Kapteni Ulimbo amekuja mara mbili. Mara ya kwanza aliwaonyesha watoto jinsi alivyokuwa anaweka ulimbo na ndege anavyohangaika manyoya yakibaki, watoto wawili walilia, mmoja kesho yake akaniletea manati yake mezani bila kuulizwa. Mara ya pili aliiga sauti kwa mdomo, shorewanda, tetere, dudumizi, na nyuma ya choo cha shule, kwenye kale kachaka tulikokuwa tunataka kufyeka, dudumizi AKAMJIBU. Kumbe yupo. Miaka yote yupo nami nasema wameisha. Kachaka hakafyekwi tena, nimeongea na mkuu wa shule.

Pia tumepanda michongoma na maua mekundu upande wa uzio, na shimo la taka la jikoni tumeliwekea mfuniko wa bati. Wiki mbili, kunguru wamepungua uani. Mwalimu mwenzangu anasema ni upepo wa msimu tu.

Swali la watoto nimeshindwa kulijibu: kwenye waya wa umeme jana walikaa ndege kama kumi, mwili mwekundu, kichwa cha kijani cha bluu bluu, domo jembamba limepinda, mkiani kuna manyoya mawili yamechomoza kama sindano. Wanaruka, wanadaka kitu hewani, wanarudi pale pale.

#36 Darubini
Hongera mwalimu!! Hao ni keremkerem wekundu, wageni wa heri, hawazalii huku, wanakuja pwani yetu kuanzia Oktoba hivi na wanaondoka kabla ya masika kuchanganya. Waambie watoto waandike tarehe. Na wewe shusha kwenye simu programu ya Merlin ni bure, ina picha za ndege wa Afrika Mashariki, majina ya Kiswahili muandike wenyewe pembeni.

#37 Mzee Mizinga
Keremkerem huyo ndo ananimalizia nyuki. Nina mizinga 14 Kisarawe, wakija wanakaa kwenye waya mbele ya mzinga wanadaka mmoja mmoja wanampigiza kwenye waya kutoa mwiba ndo wanameza. Nimekuwa nikiwatawanya kwa kelele za debe. Sasa mnaniambia ni wa kulindwa, asali yangu nani ataifidia?

#38 Mti Mkavu
#37 sogeza mizinga ndani chini ya miti mzee, keremkerem anawinda penye uwazi. Nilisema miti toka #3.

#39 Mwalimu wa Zamu
#37 shikamoo mzee. Sina jibu la fidia. Ila naomba nikuulize, naweza kuwaleta watoto thelathini wahesabu siku moja, wahesabu keremkerem amedaka wangapi kwa saa? Tukijua idadi angalau tutajua tunabishania nini.

#40 Mzee Mizinga
Marahaba. Jumamosi asubuhi kabla jua halijakali. Wavae mikono mirefu na wasijipake manukato, nyuki hawapendi.